Kabla ya jeneza: kwa nini Tanga inahitaji chama cha wanaume

Mtu akifariki alfajiri Makorora au Mabawa, adhuhuri haijaingia kila kitu kimeshakaa sawa. Turubai limefungwa, mabenchi yameletwa, jeneza limeshachukuliwa msikitini, vijana wako makaburini na majembe, kuna aliyekwenda kununua sanda na aliyekaa kupokea rambirambi. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyelipwa. Kila mmoja anajua sehemu yake, na asiyeonekana ataulizwa kesho alikuwa wapi. Katika kuzikana, wanaume wa Tanga hatuna wa kutufundisha.

Sasa turudi nyuma miezi sita. Marehemu huyo huyo alikuwa akikaa kijiweni kila jioni, anakunywa kahawa, anacheza bao, na mara mbili tatu alisema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Waliokaa naye walimsikia. Mmoja akamwambia apumzike, mwingine akamtajia dawa ya mizizi, mchezo ukaendelea. Walimpenda, ndio watakaolibeba jeneza lake kwa kupokezana mpaka kaburini, na machozi yao yatakuwa ya kweli. Ila kumpeleka mwenzako akapimwe presha ni kazi isiyo na mwenyewe. Kuchimba kaburi kuna mwenyewe.

Hoja yangu ni hiyo. Nidhamu tuliyo nayo kwa maiti tuisogeze nyuma, imkute mtu angali hai. Chombo cha kuifanyia kazi hiyo ni chama cha wanaume cha mtaa, chenye orodha ya watu, zamu na ada ndogo, kinachoshughulika na mambo manne: kumhudumia jirani, kuangaliana afya, kujiandaa na majanga, na kutunza historia ya mahali tunapoishi. Mambo hayo yanaonekana yako mbalimbali. Nitajaribu kuonyesha yanavyoshikana.

Wapo watakaosema ni jambo la kuiga ugenini. Historia ya mji huu inasema vingine. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia vijana wa miji ya pwani, Tanga ikiwamo, walikuwa wameshajipanga katika vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti. Anayeitazama beni juujuu ataona sare, tarumbeta na watu waliojipa vyeo vya majenerali na makapteni. Wanahistoria walioichunguza wanaonyesha kwamba nyuma ya gwaride lile kulikuwa na wajibu: mwanachama akiugua anatazamwa, akifa mbali na kwao anapata wa kumzika. Mji ulikuwa umejaa watu waliofuata kazi ya reli, ambayo ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na kazi ya mashamba ya mkonge. Koo zao zilikuwa Unyamwezi, Ubena, Umakonde. Chama kikawa ndicho ndugu.

Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali. Kilikuwa klabu na chama cha kutetea maslahi kwa wakati mmoja, na kiliwakalisha pamoja Waislamu na Wakristo wakati ambapo shule na ajira za mkoloni zilikuwa zikiwatenganisha. Mwaka 1936 ikazaliwa African Sports, na mwaka 1948 Coastal Union. Leo tunazijua kwa uwanja wa Mkwakwani na kwa ubingwa wa Coastal wa mwaka 1988, lakini klabu ya mpira ya pwani ya enzi hizo ilikuwa pia mahali pa kukutana, kuchangiana arusi na kusindikizana msibani. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na vyama. Swali la kujiuliza ni vilikwenda wapi.

Jibu langu ni kwamba kazi ziliondoka navyo. Kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, mashamba ya mkonge, bandari na reli vilimpa mwanaume zaidi ya mshahara. Vilimpa zamu, msimamizi, chama cha wafanyakazi, timu ya mpira ya kazini na zahanati ya kampuni. Mkonge ulifika kileleni katikati ya miaka ya 1960, tani zipatazo 230,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, kisha ukaporomoka, na viwanda vya mji vikafuata njia hiyo miaka ya baadaye. Mishahara ilipokatika watu walilia mishahara. Vile vingine viliondoka kimya, na hakuna aliyevidai.

Kikabaki kijiwe. Sitaki kukidharau kijiwe, maana ndipo mwanaume wa Tanga anapopata habari, mzaha na watu wa kumjua kwa jina. Lakini kijiwe hakimdai mtu kitu. Usipokuja wiki nzima, watasema umesafiri.

Wanawake hawakusubiri. Wana upatu, wana vikoba, wana vikundi vya kusaidiana kwenye uzazi na arusi, na mgonjwa akilazwa hospitali ya Bombo wao ndio wenye zamu ya chakula. Serikali nayo imewapa sababu ya kujiandikisha: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mgawanyo huo ni wa haki na sitamani uguswe. Ninachokiona ni kwamba mwanaume wa miaka 55 hana kitu cha kutoka nje kinachomvuta kujiandikisha popote, isipokuwa kwenye chama cha kufa na kuzikana. Kama atajipanga, sababu itabidi itoke kwake mwenyewe.

Sababu hiyo ipo, na iko mwilini mwake. Nianze na ugonjwa ambao watu wa pwani tunaujua sana na hatupendi kuutaja: busha. Minyoo midogo inayoenezwa na mbu huingia mwilini na kuishi humo miaka mingi, na baadaye wapo wanaovimba miguu, yale matende, na wanaume wengine hujaa maji kwenye mfuko wa korodani. Mmoja wa mbu wanaoeneza ugonjwa huu ni yule anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na madimbwi ya maji machafu, yaani mbu wa mjini kabisa. Mkoa wa Tanga ulianza kugawa kingatiba kwa jamii nzima mwaka 2004, ivermectin na albendazole, na utafiti uliofuatilia kijiji cha Kirare ulionyesha maambukizi yakishuka sana mwaka hadi mwaka. Ni ushindi mkubwa ambao hatujawahi kuusherehekea. Lakini dawa zile kazi yake ni kukata maambukizi. Busha lililokwisha kukua haliondoki kwa kidonge, linataka upasuaji, na ni upasuaji wa kawaida ambao hata hospitali za wilaya huufanya.

Basi kwa nini wako wanaume wanaoishi nalo miaka 10 au 20? Wengine mpaka leo wanaamini limeletwa na kunywa madafu. Wengine wameambiwa ukipasuliwa huzai tena. Zaidi ya yote ni aibu. Mtu anaacha suruali na kubaki na msuli na kanzu pana, anaacha kwenda baharini, anaacha shamba, mwishowe anaacha kutoka. Bango la afya halimfikii, kwa sababu hapiti tena mahali mabango yalipo. Muuguzi kijana, hasa akiwa binti wa umri wa mjukuu wake, hawezi kumwanza mazungumzo hayo. Anayeweza ni mwanaume wa rika lake aliyewahi kupasuliwa, amfuate nyumbani jioni, wakae wawili, amwambie: ndugu yangu, mimi nilikuwa nalo, nilikwenda, leo naingia baharini kama zamani. Chama kitakachompata shahidi mmoja wa namna hiyo katika kila mtaa kitawatoa ndani watu ambao kampeni haziwaoni.

Presha haina aibu hiyo. Hatari yake ni kwamba haiumi. Mtu anatembea na vipimo vya juu ya 140 kwa 90 miaka na miaka, anabeba mizigo, anacheza na wajukuu, mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka au upande mmoja wa mwili unapolala. Mashine ya kupimia ya umeme siku hizi inauzwa kwenye maduka ya dawa, na watu 30 wakichangishana hawatailalamikia bei. Ikae kwa mmoja wao aliyefundishwa na mhudumu wa zahanati. Kila Ijumaa baada ya swala, au Jumapili baada ya ibada kwa ndugu zetu Wakristo, watu wapime, na namba ziandikwe kwa siri bila kusomwa mbele za watu. Atakayeonekana juu mara kwa mara apewe mtu wa kwenda naye zahanati siku iliyotajwa. Nasisitiza hapo kwenye mtu wa kwenda naye. Mwanaume akiachiwa ushauri peke yake atasema nitakwenda, na hatakwenda.

Hali ni hiyo hiyo kwa tezi dume. Saratani yake ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini, na wanaume wanakimbia hospitali kwa kuogopa kipimo cha kidole, wakati kipimo cha damu nacho kipo na daktari ndiye anayeamua kinachofaa. Sijaona semina iliyoimaliza hofu hii. Wazee wanne waliokwisha kupimwa wakikaa na wenzao wanaweza kuipunguza kwa jioni moja. Na ndani ya mazungumzo ya namna hiyo ndipo mtu hupata pa kusema pia kwamba halali usiku, kwamba madeni yamemzidi, kwamba ameanza kufikiria mambo mabaya. Wanaume wengi hatuzungumzi huzuni yetu tukitazamana usoni. Tunaizungumza tukiwa na kazi mkononi.

Huduma kwa jirani naanza na damu, kwa kuwa haihitaji mtaji. Mwanaume mwenye afya, mwenye umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke kila baada ya miezi minne. Wanaume 20 wa mtaa mmoja wakishika zamu hiyo ni chupa 80 kwa mwaka. Mama anapotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, dakika zinazopotea ni za kumtafuta nani ana damu ya kundi gani. Jambo hilo lingeweza kujulikana kabla ya mimba kutungwa.

Nije kwenye maandalizi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na tulizisoma sote kwenye simu. Kilifika Mafia tarehe 4 na kupungua nguvu. Nilichokisikia wakati ule, kwa watu wazima wenye akili zao, ni kwamba bahari yetu haina vimbunga, hizo ni habari za Msumbiji na Madagaska. Aprili 1872 kimbunga kiliivuruga Unguja, kikang'oa mikarafuu, kikavuka na kuipiga Bagamoyo. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mtu anayejua tarehe hizo mbili anasoma tahadhari kwa macho mengine.

Hapo ndipo historia na maandalizi vinapokutana, na ndiyo sababu sikubali historia iwekwe kwenye chama kama pambo. Katika kila mtaa wa Tanga yuko mzee anayejua maji yalipita wapi kabla nyumba hazijajengwa, mkondo upi ulizibwa, mwembe upi ulisimama ukingoni mwa bonde ambalo leo ni kiwanja cha mtu. Mzee huyo hawezi tena kushika koleo. Akikaa na vijana siku moja wakamchorea mtaa kwenye karatasi na yeye akaonyesha kwa fimbo, mitaro itakayozibuliwa kabla ya masika itakuwa ile inayostahili, na Machi haitatukuta tunahangaika na mitaro isiyopeleka maji popote. Tunamhitaji kwa kazi, na atajua kwamba anahitajiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi za chini za jamii. Kamati kwenye karatasi haimbebi bibi anayeishi peke yake Sahare. Chama kinaweza kuwa miguu ya kamati: kijue nyumba zenye wagonjwa wa kitandani, kijue nani ana mtumbwi, nani ana pikipiki, nani ana ufunguo wa shule. Kijue namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwa kichwa, na kijue pia nini cha kufanya kabla gari halijafika, hasa sasa ambapo mitungi ya gesi imeingia kwenye vyumba vya kupanga ambavyo havina hata dirisha la maana. Madereva wa bodaboda ningewaweka darasa la kwanza kabisa la huduma ya kwanza. Ndio wanaofika mwanzo kwenye ajali, na mara nyingi majeruhi mwenye uti wa mgongo uliovunjika anakunjwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kwa nia njema kabisa.

Kuhusu maandalizi kuna onyo moja ambalo nalitoa kwa uzito. Neno hili likiachwa wazi, vijana watalielewa kama ulinzi, na ulinzi utaleta marungu. Tunajua mwizi akishikwa usiku nini hutokea, na tunajua gazeti la kesho litaandika wananchi wenye hasira kali. Chama cha wanaume kinachostahili jina hilo ndicho kitakachosimama kati ya yule kijana na matofali, kimtoe akiwa hai, kimfikishe kituoni. Siku kitakapobeba silaha kwa jina la kujiandaa, bora kivunjwe siku hiyo hiyo.

Nimesema historia si pambo, na bado kuna historia tunayodaiwa kwa ajili yake yenyewe. Kati ya tarehe 3 na 5 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, yalishuka upande wa Raskazone na kushindwa na jeshi dogo la Wajerumani lililokuwa na maaskari Waafrika. Dunia inayakumbuka mapigano hayo kwa sababu ya nyuki waliowavuruga wapiganaji. Makaburi ya wageni yapo, yana majina, yanatunzwa. Wapagazi Waafrika wa vita nzima ya Afrika Mashariki, ambao waliokufa upande wa Waingereza pekee wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa. Baadhi ni babu wa babu zetu. Kizazi cha vita ile kimekwisha, lakini kizazi kilichofanya kazi kwenye makorona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, kwenye karakana za reli na kwenye matishari ya bandarini bado kipo, na kinapungua kila Ijumaa. Simu iliyo mfukoni mwa kijana inaweza kurekodi saa nzima. Jumba la Urithi Tanga liko mjini, kwenye boma la zamani, na lingefaidika na sauti hizo. Magofu ya Tongoni, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi, yako mwendo mfupi kutoka hapa. Wapo watu wazima waliozaliwa Ngamiani ambao hawajakanyaga. Wanaume 30 kwenda kufyeka majani pale, kwa ruhusa ya watu wa Idara ya Malikale na pamoja na watoto wao wa kiume na wa kike, ni kazi ya asubuhi moja.

Pa kuanzia papo tayari, kwa hiyo sishauri mtu yeyote aanze kwa katiba ndefu na mgeni rasmi. Chukueni chama cha kufa na kuzikana kilichopo mtaani. Katika orodha yake ongezeni kwa kila mtu kundi la damu, tarehe aliyopima presha mara ya mwisho, kazi anayoijua kwa mikono, na jirani anayewajibika kwake. Mkiona inakwenda, ndipo mwende ofisi ya maendeleo ya jamii mjisajili.

Kitakachokiua kinajulikana. Siasa itabisha hodi, kwa kuwa wanaume 30 waliojipanga ni mtaji wa kura. Kadi ya chama chochote cha siasa ibaki nyumbani, na mwenye kutafuta uongozi wa kuchaguliwa aachie nafasi yake kwanza. Kingine ni fedha. Vyama vya kuzikana vimeishi kwa sababu hela yake ni ndogo na inatumika haraka mbele ya macho ya watu. Mkianza kulimbikiza kwa ajili ya mradi mkubwa, mtagombana.

Na kuna wake zetu, ambao watauliza, kwa haki kabisa, kama hiki ni kisingizio kipya cha kuchelewa kurudi. Vikao visiwekwe usiku, na mwanachama ambaye nyumbani kwake hapakaliki kwa ugomvi wake asipewe zamu ya kwenda kumshauri mwingine. Ningekwenda mbele zaidi: mkaguzi wa hesabu awe mwanamke wa mtaa huo, achaguliwe na kikundi chao cha vikoba na si na sisi, asome vitabu kila baada ya miezi mitatu, na awe na haki ya kuuliza mbele ya kikao ni wagonjwa wangapi walisindikizwa na ni mitaro ipi ilizibuliwa. Wao wameendesha vikundi miaka yote hii kwa hela za kuunga, na wanajua kuusoma mwezi ambao ada imeingia na kazi haikufanyika.